Gemu linajifunga na 0x887A0006 baada ya dakika kumi na ushee: draiva, umeme au kadi yenyewe?

Kioo_Cheusi

Wakuu, habari. Naomba msaada wa kulisoma tatizo hili, maana kila unapouliza jibu ni "sasisha draiva" na mazungumzo yanaishia hapo.

Kompyuta ni ya mezani, Windows 11. Kadi ya michoro ina kumbukumbu ya GB 8 na ni toleo lililoongezewa kasi kiwandani. Prosesa ina viini 6, RAM ni GB 32 (vijiti viwili vya 16) kwenye XMP (mpangilio wa BIOS unaoiendesha RAM kwa kasi zaidi) ya 3600, pawa saplai ni ya wati 650. Skrini ni moja, 1440p ya Hz 144, kwa kebo ya DisplayPort.

Dalili ni hizi. Gemu jipya la DirectX 12 linakwenda vizuri dakika 10 hadi 25. Halafu picha inaganda, sauti inaendelea sekunde mbili tatu, kioo kinakuwa cheusi, kisha narudishwa kwenye eneo-kazi na ujumbe DXGI_ERROR_DEVICE_HUNG, namba 0x887A0006. Mara chache unakuja DEVICE_REMOVED, 0x887A0005. Kompyuta haizimi wala haijiwashi upya. Magemu ya zamani ya DirectX 11 hayana shida hata yakiachwa muda mrefu.

Yaliyokwisha kufanyika: draiva mpya kuwekwa juu ya ile ya zamani, kisha toleo la nyuma yake, mafaili ya gemu kuhakikiwa, ubora wa picha kushushwa hadi wastani. Kushusha ubora kunachelewesha tu, hakuponyi. Joto la kadi halivuki nyuzi 74.

Je, ujumbe huu maana yake kadi inakufa? Na kuna njia ya kutenganisha kosa la draiva, la umeme na la kadi bila kuwa na kadi nyingine ya kujaribia?

---

Msoma_Matukio

Mkuu, umeeleza vizuri, kwa hiyo tuanze na maana ya namba yenyewe.

Tangu Vista, Windows ina mlinzi anayeitwa TDR. Anaangalia kama kadi inamaliza kazi iliyopewa. Kadi ikishikilia kazi moja zaidi ya sekunde 2, haimalizi na haikubali kuiachia, Windows inaihesabu imekwama na kuianzisha upya pamoja na draiva yake. Ndiyo maana kioo kinakuwa cheusi kidogo kisha eneo-kazi linarudi. Tatizo ni kwamba gemu limepoteza kila lilichokuwa limeweka kwenye kumbukumbu ya kadi, na magemu mengi hayajui kujijenga upya kutoka hapo. Yanatoa ujumbe na kujifunga.

Kwa hiyo ujumbe unakuonyesha maiti ilikookotwa, haukutajii muuaji. Draiva mbovu, amri mbovu za gemu, kiini cha kadi kinachokwenda kasi kuliko kinavyoweza, umeme unaoyumba, hata RAM inayokosea: vyote vinaweza kuishia kwenye 0x887A0006 ileile.

Tofauti ndogo ni hizi. HUNG ni kadi kukwama ikiwa na amri za gemu hilo. REMOVED ni jina la jumla kwamba kadi haipatikani tena. Gemu lililoandikwa vizuri huuliza sababu na kukuonyesha namba ya pili, lililoandikwa kivivu linaishia hapo. Ukiona 0x887A0020, draiva yenyewe imekiri kuharibikiwa ndani. Kwenye magemu ya Vulkan yote hayo hubanwa kwenye jina moja, VK_ERROR_DEVICE_LOST, ambalo halisaidii sana.

Sasa fanya hivi kabla hujagusa kitu kingine:

Bonyeza Win+R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs" kisha "System". Nenda kwenye dakika ileile gemu lilipoanguka. Unatafuta mistari ya aina tatu.

Tukio 4101 la chanzo "Display": ni TDR iliyofanikiwa kuiamsha kadi. Litataja faili la draiva. Kwa NVIDIA ni nvlddmkm, kwa AMD ni amdkmdag au amduw23g. Kutajwa kwa faili hilo si ushahidi kwamba draiva ndiyo mbovu. Hilo ndilo lililokuwa likiongea na kadi wakati huo, basi.

Matukio ya "WHEA-Logger": 17 mara nyingi ni makosa ya PCIe (njia inayounganisha kadi na ubao mama) yaliyosahihishwa, 18 ni kosa la kuua, 19 ni kosa la prosesa lililosahihishwa. Ukikuta 17 zimejipanga kwa mamia, simama hapo na uangalie sloti na raiza (kebo ya kurefusha sloti, kama unayo) kabla ya kulaumu draiva.

Tukio 41 la "Kernel-Power": kompyuta ilikata bila kuzimwa kwa utaratibu. Kwako halipaswi kuwepo kwa dalili ulizotaja, lakini hakikisha.

Halafu Win+R tena, andika perfmon /rel. Ukurasa huo unaonyesha siku kwa siku. Tafuta "LiveKernelEvent" na uangalie msimbo: 117 ni TDR ya kadi nzima, 141 ni sehemu moja ya kadi kukwama. TDR zikizidi 5 ndani ya sekunde 60, Windows haivumilii tena, inaleta skrini ya bluu yenye 0x116.

Leta majibu ya hayo.

---

Haraka_Haraka

Ongeza TdrDelay umalizane nayo. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers, tengeneza DWORD ya biti 32 iitwe TdrDelay, chagua "Decimal", weka 10, washa upya kompyuta.

---

Msoma_Matukio

@Haraka_Haraka, kumpa mlinzi usingizi mrefu hakumtoi mwizi ndani. Microsoft yenyewe inasema funguo hizo ni za majaribio na utafutaji wa makosa, si za matumizi ya kila siku.

Ila kama kipimo cha mara moja ina faida, na mwuliza swali anaweza kuitumia hivyo. Iweke 10, cheza, kisha angalia kinachotokea picha ikiganda. Ikiganda sekunde 3 au 4 halafu gemu likaendelea, kadi ilikuwa inachelewa tu: kazi ilikuwa nzito kupita muda. Ikiganda sekunde 10 kamili kisha ikaanguka vilevile, imekwama kweli, na hata ukiweka 60 utasubiri dakika nzima kuona anguko lilelile. Ukishapata jibu, futa hiyo DWORD na uwashe upya.

---

Fagio_la_Draiva

Kuweka draiva juu ya draiva si kusafisha. Mabaki ya mipangilio, wasifu wa magemu na sheda zilizokwisha kutafsiriwa hubaki. Ukitaka kuiondoa draiva kwenye orodha ya watuhumiwa, fanya hivi kwa mpangilio huu huu:

1. Pakua kwanza draiva utakayoweka, kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, pamoja na DDU ya Wagnardsoft, programu ya kung'oa draiva na mabaki yake. Viweke kwenye diski.

2. Chomoa kebo ya mtandao au zima Wi-Fi. Watu huiruka hatua hii, na ndiyo inayoharibu kazi yote: Windows Update ikiona kadi haina draiva inaweza kuiwekea ya kwake kimyakimya, mara nyingine ya zamani, wakati wewe bado unafungua kisakinishi.

3. Ingia hali salama: shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", Restart, halafu namba 4. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wa kuirejesha mkononi kabla ya kuanza, usije ukajifungia nje.

4. Fungua DDU, chagua aina ya kifaa ni GPU na mtengenezaji wake, bonyeza chaguo la kusafisha na kuwasha upya.

5. Bado bila mtandao, sakinisha draiva. Kataa programu za ziada zinazokuja nayo. Kwa sasa unataka draiva tupu. Washa upya, ndipo urudishe mtandao.

6. Sheda ni programu ndogondogo ambazo kadi yenyewe inaziendesha, na tafsiri zake huhifadhiwa ili zisitengenezwe upya kila mara. Zikiharibika, gemu moja linaweza kuanguka wakati mengine yote ni mazima. Zifute. Kwa NVIDIA futa yaliyomo kwenye %LOCALAPPDATA%\NVIDIA\DXCache, na pia AppData\LocalLow\NVIDIA\PerDriverVersion\DXCache ikiwepo. Kwa AMD ni %LOCALAPPDATA%\AMD, folda za DxCache, DxcCache na VkCache. Faili likigoma kufutika kwa sababu linatumika, liache. Kisha endesha cleanmgr na uweke alama kwenye "DirectX Shader Cache".

Baada ya hapo gemu litakwamakwama kidogo dakika za mwanzo au litachukua muda mrefu kwenye skrini ya kupakia. Hizo ni sheda zinajengwa upya, usihesabu kama kosa.

Kuhusu toleo: usikimbilie jipya kabisa wala la miaka iliyopita. Jaribu lililotoka karibu na siku gemu lilipotoka, kisha la sasa. Yote mawili yakianguka kwa namna ileile baada ya usafi huu, draiva imepungua uzito sana kwenye kesi yako.

Na zima vyote vinavyochora juu ya gemu wakati wa jaribio: kidirisha cha Discord, cha Steam, kirekodi cha draiva, RivaTuner. Kila kimoja kinajiingiza katikati ya gemu na DirectX. Vyote mara moja vinaweza kugombana, na gemu la DirectX 12 halisamehe kama la 11.

---

Wati_na_Volti

Naongeza upande wa umeme maana mwuliza swali ametaja wati 650 na hakusema nyaya zimekaaje.

Sloti ya PCIe inatoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 ni wati 75, ya pini 8 ni 150. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 imejengwa ikitegemea hadi wati 300 kupitia plagi hizo. Watu wengi hutumia waya mmoja wenye vichwa viwili, na umeme wote wa kadi unapita kwenye waya ule mmoja kutoka pawa saplai. Kwa kadi ndogo haina neno. Kwa kadi kubwa volti inashuka kadi inapovuta ghafla. Tumia nyaya mbili tofauti, kila mmoja kutoka tundu lake. Usichanganye nyaya za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia: upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hauna kiwango kimoja, unaweza kuunguza kadi.

Wenye plagi mpya ya pini 16, ile ya 12VHPWR inayobeba hadi wati 600: hakikisha imeingia mpaka mwisho, hakuna pengo, na waya haujakunjwa kwa nguvu palepale kwenye plagi.

Wati 650 zilizoandikwa ubavuni si jibu kamili. Kadi za kisasa hurukaruka: wastani unaweza kuwa wati 220 lakini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ikavuta juu zaidi ya hapo. Kiwango cha ATX 3.0 kiliandikwa kwa kuzingatia miruko hiyo. Pawa saplai za kabla yake zinatofautiana sana katika kuihimili.

Kwa kawaida umeme ukishindwa kabisa kompyuta inakata au inajiwasha upya, unaacha tukio 41, au kioo kinakuwa cheusi moja kwa moja na feni za kadi zinapiga kelele kwa nguvu zote. Wewe huna hayo. Lakini volti ikizama kidogo tu, kiini cha kadi kinakosea hesabu na unapata 4101 ileile. Kwa hiyo pima:

Washa HWiNFO upande wa vihisi, acha irekodi kwenye faili, cheza mpaka ianguke. Angalia volti ya V 12 kwenye kadi. Chini ya 11.4 si salama. Kumbuka kihisi kinasoma mara moja kwa sekunde mbili hivi, hakiwezi kuona mruko mfupi; namba nzuri haikuhakikishii kitu, namba mbaya ndiyo ushahidi.

Kisha jaribio la pili, kwa MSI Afterburner: shusha "Power Limit" hadi 75 na ucheze. Halafu irudishe 100, na badala yake funga fremu kwenye 60 kwa sekunde. Tuambie lipi limebadilisha nini.

Na wenye kadi iliyosimamishwa wima kwa kebo ya raiza: raiza ya PCIe 3.0 ikiunganishwa na kadi ya 4.0 huleta vioo vyeusi na WHEA 17. Ingia BIOS, lazimisha sloti iwe Gen 3. Hasara kwenye fremu ni ndogo sana kwa kadi zenye njia 16.

---

Kioo_Cheusi

Shukrani wakuu. Majibu:

Kila anguko lina 4101 yake, na perfmon inaonyesha LiveKernelEvent 141. WHEA hakuna hata moja, tukio 41 hakuna. Kadi haiko kwenye raiza.

TdrDelay ya 10: ikaganda sekunde kumi kisha ikaanguka. Nimeifuta.

DDU bila mtandao, draiva tupu, sheda zimefutwa, vidirisha vyote vimezimwa: bado inaanguka, kwa draiva zote mbili.

Waya ulikuwa mmoja wenye vichwa viwili. Sasa ni nyaya mbili. Inaanguka vilevile. V 12 haishuki chini ya 11.9.

"Power Limit" 75: haianguki kabisa, jioni nzima. Fremu 60 na umeme 100: inachukua muda mrefu zaidi lakini mwishoni inaanguka.

Kwa hiyo pawa saplai?

---

Kiini_Imara

Usikimbilie kununua pawa saplai. Ukishusha kikomo cha umeme hadi 75 umebadilisha vitu viwili kwa pamoja: kadi inavuta wati chache, na pia kasi ya kiini inashuka, maana kadi yenyewe hupunguza megahezi ili isivuke kikomo. Hujui kipi kimeponya. Inabidi uvitenganishe.

Rudisha "Power Limit" 100. Acha kumbukumbu ya kadi kama ilivyo. Shusha "Core Clock" kwa -75 MHz, bonyeza alama ya kukubali. Hapo kadi inaruhusiwa kuvuta wati zote kama awali, lakini kwa kila kiwango cha volti kiini kinakwenda polepole zaidi. Cheza sehemu ileile ya gemu, saa nzima angalau, kwa kuwa anguko lako huja kabla ya dakika 25.

Ikitulia: kiini hakihimili kasi kiliyopangiwa. Umeme hauna kosa, kwa kuwa wati karibu hazijabadilika. Ikianguka vilevile: rudisha kiini 0, sasa shusha kumbukumbu kwa -300. Ikianguka tena, ndipo turudi kwenye pawa saplai.

Mwenye NVIDIA ana njia ya mkato: kwenye NVIDIA Control Panel, menyu ya "Help", kuna "Debug Mode". Inairudisha kadi iliyoongezewa kasi kiwandani kwenye kasi ya kawaida ya NVIDIA bila programu nyingine. Ila haikupi namba ya kuchezea, ni ndiyo au hapana tu.

Kwa nini magemu ya zamani hayaanguki? Kadi haipimwi na kila gemu kwa namna moja. Gemu jipya la DirectX 12 linaijaza kadi kazi bila mapengo, linatumia sehemu ambazo la zamani halizigusi, na kiini kikiwa pembeni kidogo tu ya uwezo wake, kosa moja katika mabilioni ya hesabu linatosha. Ndiyo maana pia programu za kupasha kadi moto huweza kupita saa nzima huku gemu likianguka: zile hugonga kikomo cha umeme mapema, kasi inashuka, na ile ngazi ya juu kabisa ya megahezi haiguswi. Anguko mara nyingi huja mzigo unapobadilika ghafla, unapotoka kwenye ramani kurudi mchezoni au eneo jipya linapopakiwa.

Kabla ya yote hayo, fanya moja dogo: zima XMP kwenye BIOS ucheze mara moja. RAM isiyo imara huiga makosa ya kadi vizuri mno. Kama gemu linatulia bila XMP, hii kesi yote ya kadi imefutwa, na kinachofuata ni MemTest86, mizunguko minne bila kosa hata moja. Kosa moja ni kosa.

Kumbukumbu ya kadi ipime pia kwa kipimo cha VRAM cha OCCT au memtest_vulkan. Hiyo ikiharibika kwa kawaida unaona kabla ya anguko: vitone, miraba ya rangi, pembetatu ndefu zinazotoka kwenye umbo la kitu. Wewe hujataja hayo, kwa hiyo natarajia sifuri.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali. Ukibadilisha viwili, jioni yako imekwenda bure.

---

Pengwini_Mtulivu

Kwa walio kwenye Linux, hayo yote yanasomeka kwa amri moja: journalctl -k -b | grep -iE "xid|amdgpu". NVIDIA inaandika "Xid" na namba. 79 ni kadi kutoweka kwenye njia ya PCIe; hapo angalia umeme, joto na jinsi kadi ilivyokaa kwenye sloti kabla ya draiva. 13 na 31 huweza kutoka kwenye programu yenyewe, kwa hiyo jaribu toleo jingine la Proton (kinachoendesha magemu ya Windows kwenye Linux) kwanza. AMD inaandika "ring gfx" na "timeout"; hapo sasisha Mesa (draiva za michoro za Linux) na kiini cha Linux (kernel) kwa pamoja.

---

Kioo_Cheusi

XMP imezimwa: inaanguka. Nimeirudisha. VRAM kwenye OCCT: makosa sifuri.

Umeme 100 na kiini -75: haianguki. Kiini -50: inaanguka, ila baada ya zaidi ya saa. Kiini -75 tena: imara. Fremu zimepungua kiasi ambacho bila kaunta huoni.

---

Msoma_Matukio

Kesi imeisha basi: ni kiini. Draiva mbili, nyaya mbili, bila XMP, na anguko linafuata megahezi peke yake.

Nawaachia neno wanaofika hapa wakiwa na ujumbe tofauti kidogo, ule wa magemu ya Unreal Engine unaosema "Out of video memory trying to allocate a rendering resource". Kama kadi yako ina nafasi ya kutosha na bado unaupata, hasa sheda zinapoandaliwa mwanzoni, na prosesa ni Intel Core ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, usiiguse kadi. Prosesa ndiyo inayofungua data iliyobanwa, inakosea, na gemu linatafsiri kosa hilo kama upungufu wa kumbukumbu ya kadi. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volti kwenye vizazi hivyo, ikatoa msimbo mdogo (microcode) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba kupitia BIOS za ubao mama, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Sasisha BIOS, lakini jua kwamba prosesa iliyokwisha kudhurika haiponi kwa BIOS. Kipimo chake: shusha kizidisho cha kasi cha viini vya P (vile vyenye nguvu zaidi) kwa ngazi mbili, mfano 55 hadi 53, kwa Intel XTU au BIOS. Ujumbe ukitoweka, dai dhamana ya prosesa.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa kweli dalili huwa nyingine: fremu zinaporomoka na picha inakwamakwama, kwa sababu Windows inahamishia mzigo kwenye RAM ya kawaida, ambayo iko mbali na kadi. Task Manager, ukurasa wa GPU, inaonyesha kiasi kilichotumika.

---

Kiini_Imara

@Kioo_Cheusi, sasa una njia mbili.

Ya kwanza ni kuishi nayo. Weka -85 au -90 badala ya -75, ili kuwe na nafasi siku za joto. Hifadhi kwenye wasifu namba 1 wa Afterburner na uwashe chaguo la kuitumia mfumo unapoanza. Usichanganye na ule ushauri wa kupunguza volti unaosifiwa kila mahali: kupunguza volti kwa kasi ileile kunakibana zaidi kiini ambacho tayari kinashindwa. Wewe unataka volti ileile, kasi ndogo.

Ya pili ni dhamana. Kadi inapaswa kuwa imara ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na kama muda wa dhamana haujaisha ningeanza na hii. Ondoa mabadiliko yote, washa kurekodi kwenye faili katika GPU-Z, acha ianguke, kisha ambatanisha faili hilo na picha za 4101 na 141. Muuzaji akisema kadi yako ilikuwa ikienda juu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi, jibu ni kwamba inapanda hapo yenyewe kwa mipangilio ya kiwanda, hukuipandisha wewe. Usiifungue wala usibadilishe BIOS ya kadi kabla ya hapo, utajiharibia madai.

Wenye AMD wanaofanya haya ndani ya Adrenalin badala ya Afterburner waangalie jambo moja: baada ya anguko au kuzimika ghafla, programu hiyo hurudisha mipangilio ya kasi kwenye chaguo-msingi. Unaweza kudhani -75 imeshindwa kumbe haikuwepo. Fungua ukurasa wa kurekebisha kasi baada ya kila anguko uone namba bado ipo kabla hujaandika jibu la jaribio.